Naomba ushauri: django-allauth kwa tovuti ya mashua Lamu

Assalamu aleikum ndugu zangu. Natengeneza kwa Django (mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python) tovuti ya kukodi mashua za Shela na Manda, watu waingie kwa akaunti ya Google au Facebook. Nimejaribu django-allauth, maktaba ya Django ya kusajili na kuingiza watumiaji: Google imekubali, na usajili wa kawaida wa nywila umo humo humo, jambo lililonipendeza sana.

Shida ni manahodha. Wengi walifungua Facebook kwa namba ya simu, hivyo Facebook hairudishi barua pepe yao kwenye tovuti, nami nimeiweka iwe lazima kwa ajili ya risiti. Wanakwama hapo, na tovuti bila wao si kitu.

Je, niiondoe sharti hiyo niwatambue kwa simu, au nihamie python-social-auth, maktaba nyingine ya kazi hiyo? Na aliyejisajili kwa nywila akija kwa Google, ni salama akaunti zake ziunganishwe bila kumuuliza?