Nimechoka na tanzia ambazo marehemu mwenyewe hayumo

Wakuu, hili nimelibeba muda mrefu na leo nalitoa kama lilivyo. Tanzia tunazoandikiana ni mbovu, na wanaodhulumiwa ni watu wa kawaida, wale wasio na cheo wala umaarufu, ambao karatasi ile moja ndiyo maandishi pekee yatakayowahi kuandikwa juu yao.

Chukua yoyote uliyopokea kwenye simu karibuni. Alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma hapa, akamalizia pale. Aliajiriwa, akastaafu. Aliugua kwa muda mfupi. Alikuwa mcheshi, mchapakazi na mpenda watu. Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na wawili. Pengo lake halitazibika. Sasa futa jina, weka la jirani yake. Kuna kitakachoharibika? Hakuna. Maneno yanayomfaa kila aliyewahi kufa hayamhusu huyu aliyekufa.

Mjomba wangu alikuwa fundi redio. Redio ikishapona hakukupa siku hiyohiyo, ng'o. Alikaa nayo mpaka asikilize taarifa ya habari nzima, mwanzo hadi mwisho, maana aliamini redio mbovu inaweza kukudanganya kwa dakika tano lakini haiwezi kukudanganya kwa nusu saa. Na huku akisikiliza alikuwa akibishana na msomaji wa habari kwa sauti, anamsahihisha matamshi. Wateja waligombana naye kwa ajili ya ucheleweshaji huo, kisha redio ikiharibika tena wanarudi kwake yeye, hawaendi kwingine. Huyo ndiye mjomba. Ukisikia hayo tu umeshakutana naye.

Tulipokaa kuandika wasifu wake niliomba hilo moja liingie. Nikajibiwa kwamba hayo ni mambo ya utani, hayafai kusomwa mbele ya wageni. Uliosomwa ulikuwa wa kurasa mbili, na sehemu kubwa ya ukurasa wa pili ilikuwa shahada na kazi za wanawe: nani yuko nje ya nchi, nani ni meneja wa nini. Kuhusu ufundi wake iliandikwa kwamba "alijishughulisha na shughuli binafsi". Miaka arobaini ya kuinamia nyaya, maneno manne! Nilikuwa nimesimama pale nasikiliza, na hasira iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo.

Tatizo ndilo hilo. Tanzia imegeuzwa tangazo la waliobaki hai. Watu wanapigania mpangilio wa majina ya watoto na vyeo vyao, nani atajwe kwanza, nani ameachwa, lakini hakuna hata mmoja anayegombana kuhusu marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Kalamu anapewa msomi wa ukoo au mwenye kompyuta. Mara nyingi huyo ndiye aliyeishi naye kwa uchache kuliko wote, na aliyekaa naye kila jioni hata haulizwi.

Mtasema hakuna muda, msiba umetukuta ghafla. Sawa, usiku mmoja ni mfupi na watu wana machozi. Lakini angalieni watu mashuhuri wanavyofanyiwa. Magazeti makubwa huandaa tanzia zao miaka mingi kabla, zinakaa kabatini zikisubiri tarehe. Mcheza filamu Elizabeth Taylor alipofariki Machi 2011, tanzia yake kwenye gazeti la New York Times la Marekani ilikuwa imeandikwa na Mel Gussow, ambaye yeye mwenyewe alishafariki mwaka 2005. Tanzia ilikuwa tayari kabla mwandishi wake hajafa, ikaishi kuliko yeye! Mcheza filamu anaandaliwa kwa miaka. Mama aliyelea ukoo mzima, ambaye amelala kitandani miezi minane na kila mtu anajua yanakokwenda, anaandikiwa saa sita usiku na mtu anayesinzia. Hiyo miezi minane nani aliyekaa pembeni yake akamuuliza chochote na kukiandika?

Mtasema pia nafasi ni ghali. Hilo lilikuwa kweli kwenye magazeti: tangazo la kifo linalipiwa kwa ukubwa, kila mstari ni pesa, ndiyo maana familia zilibana mpaka likabaki jina, tarehe na orodha ya wafiwa. Siwalaumu waliobana kwa sababu ya pesa. Lakini leo tanzia inatumwa kwenye simu, haigharimu kitu hata uandike kurasa ishirini, na bado mnakopi umbo lilelile la tangazo la kulipia. Nani anawadai?

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba ufupi wenyewe si tatizo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, gazeti hilohilo la New York Times lilianza kuchapa wasifu mfupi wa waliouawa, kila mmoja kama maneno 200 hivi. Hadi mwisho wa mwaka ule walikuwa wameandika zaidi ya 1,800. Waandishi waliwapigia simu ndugu na marafiki, na hawakuishia kwenye vyeo na vyuo. Walitafuta jambo moja ambalo mtu huyo alijulikana nalo, anachokipenda kupita kiasi, mazoea yake na watoto wake. Mfanyakazi wa mgahawani alipata nafasi ileile aliyopata mkubwa wa kampuni ya fedha. Maneno 200! Hata nusu ya ule wasifu tuliosomewa wa mjomba hayafiki. Walitosheka nayo kwa sababu hawakuyapoteza kwenye "mpenda watu".

Miaka ya nyuma zaidi, katika miaka ya 1980, kulikuwa na mwandishi anaitwa Jim Nicholson wa gazeti la Philadelphia Daily News, hukohuko Marekani. Kazi yake ilikuwa kuandika tanzia za watu ambao magazeti mengine hayakuwagusa, mafundi, wahudumu, mama wa nyumbani, na aliwaandika kwa uzito uleule ambao wengine waliuweka kwa maseneta. Alipenda kuuliza nani utamkosa zaidi akienda likizo, waziri wa mambo ya nje au mzoa taka wako. Mimi jibu langu ninalo, na nadhani hata ninyi.

Halafu inakuja ile hoja nzito: marehemu hasemwi vibaya. Sikilizeni, hakuna anayeomba aibu za mtu zianikwe mbele ya wanawe. Nasema tabia. Ubishi ni tabia. Ubahili wa mtu aliyezima taa nyumba nzima saa mbili usiku ni tabia, na watoto wake wataukumbuka kwa upendo mpaka wazeeke. Mkimvua mtu kila kasoro mnabaki na malaika ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Uingereza, Hugh Massingberd alipoanza kuhariri tanzia za gazeti la Daily Telegraph mwaka 1986, kurasa zile zilijaa watu wenye vituko vyao wazi, na palipohitajika staha, staha ilitumika: mlevi aliitwa mchangamfu wa baraza, na wasomaji wakaelewa. Heshima na ukweli vilikaa pamoja bila shida. Kwetu kinachoitwa heshima ni kunyamaza.

Kuna ukurasa mmoja nautaja kila nikibishana na watu juu ya hili. Mei 24, 2020, New York Times walijaza ukurasa wa mbele mzima kwa majina ya waliokufa kwa korona Marekani, karibu 1,000, kila jina na kifungu kifupi cha maneno kuhusu mtu huyo. Vifungu vile havikutungwa ofisini. Vilichukuliwa kutoka kwenye tanzia zilizochapwa na magazeti mbalimbali ya nchi ile. Yaani kabla ya hapo, mtoto fulani au mjane fulani alikuwa amekaa akaandika jambo la kweli juu ya mtu wake, ndiyo maana kulikuwa na cha kuchukua. Jiulizeni mtu akija leo kuchambua tanzia zetu 1,000 atapata nini. Wachapakazi 1,000 na mapengo 1,000 yasiyozibika.

Sasa hivi imeongezeka na hii ya kuipa programu ya akili mnemba jina na tarehe iandike yenyewe. Inatoa Kiswahili kilichonyooka na haina la kusema, kwa kuwa haikuambiwa lolote. Ukiipa uwongo mtamu inakurudishia uwongo mtamu zaidi. Mtu wako hakustahili hata simu mbili kwa rafiki zake?

Sidai ufundi wa uandishi. Tarehe za kuzaliwa na kufa wekeni, majina ya wafiwa wekeni, wajukuu watayahitaji siku moja. Lakini ukitaka kuandika "mcheshi", andika alichosema kikawavunja watu mbavu. Ukitaka kuandika "mkarimu", sema alimpa nani nini, na yeye akabaki na nini. Mpigieni mfanyakazi mwenzake. Mpigieni yule jirani waliyekosana wakapatana, huyo anajua mengi kuliko mtoto wa kwanza. Muulizeni mjukuu, watoto hawajui kutunga sifa.

Na wewe uliyewahi kukaa kwenye kamati ukakata sentensi ya kweli kutoka kwenye wasifu wa ndugu yako kwa sababu wageni wataonaje, nataka ujibu hapa bila kuzunguka: ulikuwa unamlinda marehemu, au ulikuwa unajilinda wewe?