Kabati limejaa ila nguo za ofisini zinazonikaa ni chache: nitoe zipi, fundi aokoe zipi?

DadaWaPosta

Wakuu, habari za jioni. Nimehamishiwa kitengo cha kukutana na wateja, na koti linatakiwa angalau siku mbili kwa wiki. Siku nyingine ni nguo za heshima za kawaida. Kabati limejaa mpaka mlango haufungi, lakini kila asubuhi naishia kwenye suruali zilezile mbili. Zilizobaki ama zinabana ama zinapwaya.

Vipimo kwa inchi: kifua 38, kiuno 30, nyonga 43, kimo futi 5 na inchi 3. Suruali ikinitosha nyonga, nyuma kiunoni inaachana na mgongo mpaka ngumi inapita. Shati likinikaa mabegani linafunguka kifuani katikati ya vifungo. Nikipanda saizi, mabega yanashukia mikononi.

Nina laki mbili. Kipi nitoe, kipi fundi anaweza kukiokoa, na nikienda soko la mitumba la Karume ambako hakuna pa kujaribia nichagueje? Asubuhi ni daladala, ofisini kiyoyozi kinapiga kweli. Naomba kuwasilisha.

fundi_overloki

Dada, usianze kutoa. Anza kwa kujua kila nguo ina sehemu gani isiyorekebishika, maana hapo ndipo inapoamuliwa ibaki au iondoke. Mengine yote ni kazi ya sindano.

Koti ni bega. Mshono unaounganisha mkono na bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Simama ubavu ukutani, sogea taratibu: bega la koti likigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa. Mkono ukigusa kwanza na kitambaa kimetuna juu ya msuli, ni dogo. Kupunguza bega ni kufumua mkono, bitana na pedi, na mara nyingine kola nayo. Fundi akikuambia atapunguza bega "juu kwa juu" bila kutoa mkono, mshukuru, chukua koti lako uondoke. Kiuno cha koti hakina shida, kinapungua ubavuni na mgongoni kwa jumla ya inchi 2 hadi 3 kabla mifuko haijaanza kukimbilia nyuma. Urefu wa mkono angalia vifungo vya mwisho wa mkono. Kama ni vya pambo tu, unafupishwa kutokea chini. Kama matundu yamekatwa kweli, kufupisha chini kutayaacha yakining'inia ukingoni, kwa hiyo mkono inabidi ufupishwe kutokea begani, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya koti la mtumba.

Suruali ni nyonga, mapaja na msamba. Tofauti yako ya kiuno na nyonga ni inchi 13. Nguo nyingi za kike za dukani hukatwa kwa tofauti ya kama inchi 9 hadi 11, ndiyo maana kiuno kinakupwaya. Mwili wako hauna kosa. Nunua kwa nyonga siku zote, kiuno mwachie fundi. Mpaka inchi moja na nusu hupunguzwa kwenye mshono wa kati nyuma na hakuna atakayejua. Ikifika 2, mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana. Ikizidi hapo, mkanda ulioshonewa kiunoni utolewe wote, kitambaa kigawanywe nyuma kati, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia na dati za nyuma (mikunjo midogo inayoshonwa kwa ndani kupunguza upana), kisha mkanda urudishwe. Mwambie hivyohivyo. Wengi wanakata mkanda nyuma, wanabana hapohapo juu na kushusha mshono kwa ghafla, halafu juu ya makalio kunabaki donge la kitambaa ambalo pasi haiwezi kulilaza.

Ukijitazama kwenye kioo: mifuko ya ubavuni inayobaki wazi ukiwa umesimama tu maana yake nyonga haitoshi. Mikunjo inayotawanyika kutoka msambani kuja mbele, mapaja au msamba umebana. Mikunjo iliyolegea chini ya makalio, nyuma kumezidi. Ile ya kubana inaweza kuachiwa, yaani kupanuliwa, kama ndani ya mishono kuna akiba ya kitambaa. Igeuze uone. Suruali nyingi za kiume zina inchi moja au zaidi kila upande nyuma, za kike mara nyingi nusu inchi tu. Na kama nje rangi imepauka, ukiachia utapata mstari mweusi wa rangi ya zamani pamoja na matundu ya sindano. Hiyo usiachie, igawe.

Shati nunua kwa kifua. Kitambaa kisichovutika kinahitaji inchi 2½ hadi 3 za nafasi, yaani kwa 38 tafuta shati lenye mzunguko wa 40½ hadi 41. Mabega yakishuka hapo, shati si koti: halina bitana wala pedi, fundi anafumua mkono, anakata bega, anaurudisha. Kiuno tia dati mbili za nyuma, kila moja ikimeza inchi moja, zianzie chini ya mfupa wa bega la nyuma na zififie kabla ya makalio. Kisha vifungo: kimoja lazima kikae usawa wa ncha ya kifua. Kikikosa, hata shati kubwa litafunguka ukinyoosha mkono kwenye daladala. Tiba ni kifungo kidogo cha chuma cha kubofya, kishonwe kwa ndani katikati ya viwili vinavyoachana, uzi usitokeze nje.

Sketi, kaa kitini. Ikipanda ukitembea, tatizo si urefu, ni nyonga. Achia ubavu, usihangaike na pindo.

La mwisho, vaa viatu na sidiria utakavyovaa kazini kabla fundi hajatia pini. Pindo lililopimwa na kisigino cha inchi 3 litafagia sakafu ukivaa viatu bapa.

MzeeWaBelo

Fundi kamaliza upande wake, mimi nizungumzie sokoni.

Dada, nenda umevaa skintaiti na fulana ya kubana. Suruali unaivuta juu ya skintaiti palepale kibandani na hakuna anayekushangaa. Beba futi ya kamba. Lebo ya saizi usiiamini, kwenye belo (robota la mitumba) moja zimechanganyika za nchi tofauti: 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani na 40 ya Ufaransa, na hata kampuni moja haifanani na nyingine.

Laza nguo, ipime ikiwa bapa, zidisha mara mbili. Suruali ifunge zipu, pima sehemu pana zaidi, kama inchi 7 hadi 9 chini ya kiuno chake. Kwa nyonga 43 unataka 22 hadi 22½ ikiwa imelala. Shati, kwapa hadi kwapa 20½. Koti, kwapa hadi kwapa 21 au zaidi kidogo kwa sababu ndani kuna shati. Mabega ya koti pima nyuma, mshono hadi mshono, ulinganishe na koti au gauni ulilonalo nyumbani ambalo mabega yake yanakukaa. Namba hiyo iandike kwenye simu kabla hujatoka.

Ubovu unaofichika: inua suruali kwenye mwanga uangalie msamba na makalio, kitambaa kilicholika kinapitisha nuru. Pindua kwapa la koti. Kisha tazama kola ya mbele ya koti kwa upande, macho yakiwa karibu na kitambaa. Ukiona vipovu, gundi ya gamstifu (kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa ndani) imeachia, mara nyingi kwa kufuliwa na maji au pasi kali. Pasi italaza leo, kesho vinarudi. Acha, hata kama muuzaji anashuka bei.

Kitambaa: watu wengi Dar wanakimbia suti za sufu kwa kudhani zina joto, wanachukua poliesta. Ni kinyume. Sufu nyepesi inapumua na mikunjo inaachia yenyewe ukiitundika usiku. Poliesta inashika jasho na harufu, na bitana yake ikiwa poliesta pia, kwenye daladala utaomba kushuka. Kujua, omba uzi mmoja kutoka akiba ya ndani ya pindo, uuchome: poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi, sufu inanuka nywele zilizoungua na kusagika vidoleni, pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Omba ruhusa kwanza jamani, kuna watu wamefukuzwa vibandani kwa hili.

kaunta_namba_4

Napingana na fundi kidogo kwenye suruali. Kwa tofauti ya inchi 13, kila suruali atakayonunua mleta mada itapita kwa fundi, na kila mara ni kutoa mkanda mzima. Afadhali ashonewe. Kitambaa cha suti chenye upana wa inchi 58 hadi 60, mita moja na nusu inatosha suruali ya mtu wa kimo chake. Ashone moja ya majaribio kwa kitambaa cha bei ya chini, avae siku nzima ofisini ikiwemo kukaa na kupanda ngazi, arekebishe, halafu fundi ahamishie marekebisho kwenye karatasi na kuitunza. Ya pili na ya tatu zikatwe kutoka humo. Mashati na koti ndiyo akanunue.

Kuhusu cha kutoa, mleta mada asigawe kwa mafungu ya "napenda" na "sipendi". Ahesabu wiki. Akifua mara moja kwa wiki anahitaji blauzi na mashati 6 au 7, suruali na sketi 4, makoti 2. Suruali ipumzike angalau siku moja kabla ya kuvaliwa tena. Nguo ya ofisini isiyokubaliana na angalau tatu kati ya hizo kwa rangi, hiyo ndiyo inayojaza kabati, hata kama inamkaa. Rangi za chini ziwe mbili tu, mfano nyeusi na bluu ya giza, au bluu ya giza na kijivu. Suruali nyeusi tatu zilizopauka viwango tofauti usizihesabu kama tatu. Bakiza moja kwa koti, nyingine ni za Jumamosi.

Kama ofisi ni ya umma, kuna waraka wa mavazi ya watumishi: za kubana, fupi na zinazoonyesha maungo hazipiti, kwa hiyo ile "inanikaa" ya mtaani isikuponze.

fundi_overloki

@kaunta_namba_4 nakubali kwa sharti moja: fundi asipime nyonga kwa kukaza futi. Aongeze inchi 2 za nafasi kwa kitambaa kisichovutika, na aache akiba ya inchi moja ubavuni na inchi moja na nusu nyuma. Mafundi wengi wanakata akiba ili kubana kitambaa, halafu ukiongezeka kilo tatu suruali ni ya kugawa. Na kitambaa cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Kadeti ya pamba ikirudi asilimia 3 tu, mguu wa inchi 30 unapoteza karibu inchi nzima. Vivyo hivyo kadeti ya dukani, ifue kwanza ndipo upinde.

DadaWaPosta

Asanteni sana wakuu. Nimejaribu koti mbili leo. La kwanza bega liko sawa ila likifungwa kifungo linafanya mikunjo ya X tumboni. La pili linakaa vizuri mbele, ila nyuma shingoni kola inaachana na shati, nafasi ya kidole. Yanatibika? Na hiyo laki mbili niigawe vipi?

fundi_overloki

La kwanza, fumua kidogo bitana ya mgongo uone akiba. Ikiwepo nusu inchi kila upande kwenye mshono wa kati na ya ubavuni, X inaondoka. Isipokuwepo, sogeza kifungo nusu inchi kuelekea ukingoni, si zaidi, la sivyo kola ya mbele inapinda. Au livae wazi, koti la kike halilazimiki kufungwa.

La pili jaribu kwanza kusimama ulivyozoea, bila kujinyoosha mbele ya kioo. Kama bado linaachana, kola ifumuliwe nyuma, ifupishwe na kurudishwa. Wapo mafundi wa suti wanaoiweza, wa vitenge mara nyingi hapana. Ningelitoa.

MzeeWaBelo

Laki mbili: nusu ya fundi, nusu ya sokoni, na ya fundi itumike kwanza kwa zilizomo kabatini. Halafu koti likiwa na mpasuo nyuma uliofungwa kwa uzi wa msalaba, kata huo uzi. Na kitambaa cha jina la kampuni kilichoshonwa nje mwisho wa mkono kinatolewa kwa wembe, nyuzi mbilimbili, kutokea upande wa chini.