Kikundi cha familia: Rehema na PCOS

Rehema: Jamani, mwenzenu nimetoka hospitali. Ile hedhi iliyopotea siku 61, jibu lake ni PCOS, ule mvurugiko wa homoni unaogusa ovari. Na hizi ndevu ninazong'oa kwa kibano kila asubuhi, kumbe ni humohumo.

Shangazi Mwana: Pole mwanangu. Ndiyo uvimbe huo wa ovari? Watakukata?

Rehema: Sikatwi shangazi. Vile vya kwenye altrasaundi si uvimbe, ni vijifuko vya mayai ambayo hayajakomaa.

Zuhura: Karibu chamani mdogo wangu, mimi mwaka wa sita huu. Wamekwambiaje kuhusu kula?

Rehema: Niongeze protini. Nikaitikia tu, ila protini na ovari zinajuana wapi?

Zuhura: Kwenye insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu. Wengi wetu mwili hauisikii vizuri, kongosho linazidi kuimwaga. Ikizidi kwenye damu inazichokoza ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Ndiyo ndevu, ndiyo chunusi, ndiyo yai halitoki. Ukila wanga mtupu sukari inapanda mbio na insulini nyuma yake. Ukichanganya na protini inapanda taratibu, na njaa inachelewa.

Juma: Kuna unga wa protini wanauza pale ninapofanyia mazoezi, nikuletee?

Zuhura: Juma, baki na unga wako 😂 Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15.

Shangazi Mwana: Basi aache wanga kabisa apone.

Zuhura: Haiponi shangazi, inatulizwa. Hata mwongozo wa kimataifa wa 2023 unasema hakuna mlo mmoja ulioonekana kuishinda mingine. Mimi niliacha wanga, siku ya tisa nikamaliza mkate mzima nimesimama jikoni, taa imezimwa.

Rehema: 😂😂 Lakini mimi mbona mwembamba?

Zuhura: Wembamba nao wanapata. Asubuhi unakula nini?

Rehema: Chai ya sukari na mkate. Ikifika saa nne mikono inatetemeka.

Zuhura: Anzia hapo. Mayai mawili na huohuo mkate, sukari punguza. Dawa ukipewa usiache.

Salma: Na mwenye figo mbovu asiongeze protini kabla ya kumuuliza daktari. Mama, nakusema wewe.

Shangazi Mwana: Nimesikia. Na ndevu zitaisha?

Zuhura: Hizo zina kiburi. Kibano asitupe.

Shangazi Mwana: Rehema, hebu tuma picha ya hicho kibano. Changu kimelegea.