Les Trois Mousquetaires ya Dumas: nisome toleo lipi, na d'Artagnan ni shujaa kweli?

MsomajiTanga
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha usomaji kimechagua riwaya ya Alexandre Dumas, Les Trois Mousquetaires, kisa cha d'Artagnan na wenzake Athos, Porthos na Aramis. Wengi wetu tutasoma kwa Kiingereza, wawili kwa Kifaransa. Naomba maoni ya waliokimaliza kitabu chenyewe, si waliotazama filamu.

Kwanza, kuna matoleo ya kurasa 200 na mengine yanapita 600. Kilichokatwa ni nini? Pili, historia iliyomo ni ya kuaminika? Tatu, kuna wanaosema utamu unaishia kwenye mkasa wa almasi za malkia, baada ya hapo ni kujivuta tu. Na mwisho, huyu d'Artagnan: shujaa au tapeli?

KurasaZaKale
Salama mkuu. Nianze na toleo, maana mkikosea hapo mjadala wote utaharibika.

Riwaya ilitoka kwa mfululizo katika gazeti la Le Siècle la Paris, Machi hadi Julai 1844. Toleo kamili lina dibaji, sura 67 na hitimisho dogo baada yake. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua orodha ya yaliyomo. Ukiona sura 25 au 30, hilo limefupishwa hata kama jalada halisemi.

Wafupishaji hukata sehemu zilezile karibu kila mara. Ya kwanza ni sura ya 29 na zinazofuata, ambapo marafiki wanne wanahangaika kutafuta fedha za farasi na vifaa vya vita. Ya pili ni d'Artagnan na Kitty, kijakazi wa Milady, yule mwanamke jasusi wa Kadinali Richelieu, waziri mkuu wa Ufaransa. Ya tatu ni siku tano za Milady kifungoni Uingereza, sura ya 52 hadi 56. Ukitoa Kitty, chuki ya Milady kwa d'Artagnan inabaki bila chanzo, anakuwa jini tu la hadithi. Ukitoa kifungo, Felton, mlinzi wake, anamchoma kisu Buckingham, waziri wa mfalme wa Uingereza, na msomaji hajui kijana huyo amefikaje hapo.

Kuna na mtego mwingine: tafsiri inaweza kuwa na sura zote 67 na bado imepunguzwa makali. Watafsiri wa Kiingereza wa karne ya 19 walikuwa na aibu na mambo ya chumbani. Kipimo chepesi ni sura ya 35. Dumas aliipa kichwa cha methali ya Kifaransa, kwamba usiku paka wote ni wa kijivu. Tafsiri moja ya zamani inayosambaa sana mtandaoni imeiondoa methali hiyo na kumtaja Mgaskoni (d'Artagnan, mtu wa Gascony) na Cupid, mungu wa mapenzi. Ukikuta Cupid hapo, jua uko kwenye maandishi ya zamani yaliyolainishwa. Yanasomeka, na ni ya bure, ila sura ya 33 hadi 37 zisome kwa makini, kwa sababu jambo zito linapitishwa kwa nusu sentensi. Anayetaka Kiingereza kilichonyooka atafute ya Richard Pevear ya 2006.

Mtaa_wa_Rohero
Naongeza kwa hao wawili wa Kifaransa. Maandishi asilia hayana tena hakimiliki, yanapatikana bure Wikisource na Project Gutenberg, na Kifaransa chake si kigumu. Mazungumzo ni mafupi, mstari kwa mstari. Ugumu uko kwenye fedha, basi shikeni hesabu hii: pistole moja ni livre 10, écu moja ni livre 3.

Mkiwa na hesabu hiyo, kitabu kinabadilika machoni. D'Artagnan anaondoka kwao na écu 15, yaani livre 45. Farasi wake wa manjano anayechekwa kote njiani anamuuza Paris kwa écu 3, livre 9. Halafu njoo London, sura ya 21, alikotumwa kuzirudisha almasi za malkia. Buckingham anagundua kwamba kati ya vishikizo 12 vya almasi alivyopewa na malkia wa Ufaransa, Milady amekata viwili katika dansi ya Windsor. Anamwita sonara, O'Reilly. Sonara anasema kila kimoja ni pistole 1,500 na kazi itachukua siku 8. Buckingham anampa bei maradufu ili amalize keshokutwa, kisha anafunga bandari zote za Uingereza ili almasi zilizoibwa zisitangulie kufika Paris. Bei ya awali ya kishikizo kimoja tu ni livre 15,000. Piga mwenyewe ni farasi wangapi wa d'Artagnan. Hapo ndipo unaona kijana wa livre 45 amejiingiza kwenye mchezo wa watu wa aina gani.

Shajara1628
Kuhusu historia, jibu langu: mifupa ni ya kweli, nyama ni ya Dumas na msaidizi wake Auguste Maquet. Maquet alitafuta habari na kuandika rasimu, Dumas akazipa uhai. Jina la Maquet halikuwekwa kwenye jalada, na baadaye walifikishana mahakamani.

Chanzo chao kikuu ni kitabu cha 1700 cha Gatien de Courtilz de Sandras, kilichojifanya kuwa kumbukumbu za d'Artagnan mwenyewe. D'Artagnan wa kweli, Charles de Batz de Castelmore, aliuawa kwenye mazingiwa ya Maastricht mwaka 1673. Riwaya inaanza Jumatatu ya kwanza ya Aprili 1625 akiwa kijana wa miaka 18, wakati d'Artagnan wa kweli alikuwa bado mtoto. Tréville naye alipewa uongozi wa kikosi cha mamusketia, askari walinzi wa mfalme, mwaka 1634, miaka tisa baada ya riwaya kumkalisha kwenye kiti hicho. Athos, Porthos na Aramis wote wana asili ya watu wa kweli wa kusini-magharibi ya Ufaransa, ila karibu hakuna zaidi ya majina kilichochukuliwa.

Kosa ninalolipenda: riwaya inataja mtaa wa Servandoni mjini Paris. Msanifu majengo Servandoni, ambaye mtaa ulipewa jina lake, alizaliwa 1695.

Hayo ni madogo. Kubwa ni La Rochelle. Mji huo wa Waprotestanti ulizingirwa kuanzia 1627, Richelieu akajenga ukuta baharini kuzuia meli za Waingereza, na mji ukasalimu amri Oktoba 1628. Wakazi walikuwa takriban 27,000. Waliobaki hai walikuwa kama 5,000. Njaa iliwamaliza. Katika riwaya, upande wa pili wa kuta hizo ndiko mashujaa wetu wanakopata kifungua kinywa ndani ya ngome ya Saint-Gervais kwa ajili ya dau, huku wakiwapiga risasi watu wa mji wanaokuja kuikomboa. Sura ya 46 na 47 zinasisimua kweli, siwezi kukataa. Lakini kikundi kinachojadili kitabu hiki bila kutaja waliokuwa wakifa njaa ndani ya kuta kimesoma nusu.

Buckingham aliuawa Portsmouth tarehe 23 Agosti 1628 na John Felton. Hilo ni kweli tupu. Sababu za Felton wa historia zilikuwa mshahara usiolipwa na cheo alichonyimwa, pamoja na hasira ya kisiasa iliyokuwa imeenea Uingereza. Milady hakuwepo. Dumas aliona pengo kati ya mtu na kitendo, akamweka mwanamke humo.

BiSomo
Na pengo hilo ndilo linalojibu swali lenu la tatu. Anayesema nusu ya pili inachosha ameisoma akiwasubiri wale wanne warudi. Katika sura ya 52 hadi 57 hawaonekani kabisa, wala hawahitajiki.

Angalieni jinsi Milady anavyofanya kazi. Siku ya kwanza anapandwa na hasira, kisha anajizuia, anakwenda kwenye kioo na kuujaribu uso wake, mwonekano mmoja baada ya mwingine. Siku ya pili anagundua kwamba Felton, mlinzi wake, ni Mpuritani mkali, kutokana na neno moja la dharau kuhusu misa ya Kikatoliki. Tangu hapo anasali sala zao na kuimba zaburi zao kwa sauti inayomfikia mlinzi nje ya mlango. Halafu anasimulia hadithi ya kudhulumiwa, akimficha mtenda kwanza, ili Felton mwenyewe aliombe jina. Anapojichoma kisu, ncha inagonga chuma cha mkaja wa gauni lake na kuteleza. Damu inatoka ya kutosha, jeraha si la kuua. Hakuna upanga hata mmoja katika sura hizo, na ni za hatari kuliko mapigano yote ya barabara ya Calais, safari ile ya kwenda London.

Sasa d'Artagnan. Huyu si shujaa kwa namna filamu zinavyomtangaza. Ule msemo wa wote kwa mmoja, mmoja kwa wote umo sura ya 9. Soma kinachoutangulia: mwenye nyumba wake, mzee Bonacieux, amekuja kuomba msaada, na d'Artagnan amewaachia walinzi wa Kadinali wamchukue. Kiapo cha udugu kinatolewa juu ya mgongo wa mtu aliyetelekezwa. Baadaye anazuia barua za Milady kwa Comte de Wardes, mwanamume anayemtamani, anaingia chumbani kwake gizani akijifanya ndiye de Wardes, na kwa kufanya hivyo anamtumia Kitty aliyempenda. Wakati huo Constance, mke wa Bonacieux, anayedai kumpenda, ametekwa na hajulikani alipo. Chuki ya Milady kwake ina sababu, hata kama yeye ni muuaji.

KurasaZaKale
BiSomo, nakubali kuhusu de Wardes. Ni uovu, na tafsiri zilizolainishwa zimemsaidia d'Artagnan bure. Lakini la Bonacieux umelikaza. Anamnong'oneza Bonacieux mwenyewe papo hapo kwamba wataweza kumwokoa tu wakibaki huru, na wakijaribu kumtetea watakamatwa pamoja naye. Porthos ndiye anayelalamika kwamba ni aibu. Dumas ameweka hoja zote mbili mezani. Na Bonacieux akitoka Bastille anakuwa jasusi wa Kadinali kwa hiari yake.

BiSomo
Anakuwa jasusi baada ya kukutana na ukarimu kwa Kadinali alioukosa kwa jirani yake. Hilo nalo Dumas ameliweka mezani.

Lakini kwangu mtu wa kutazamwa zaidi ni Athos. Sura ya 27, akiwa amelewa huko Amiens, anasimulia habari za "rafiki yake" aliyemwoa msichana, akakuta begani mwake chapa ya moto ya ua la yungiyungi ambayo wahalifu walikuwa wakipigwa, akamtundika mtini bila kesi. Rafiki huyo ni yeye mwenyewe. Kisha njoo sura ya 65. Wanaume wanamhukumu Milady usiku, kila mmoja akisoma shtaka lake, na mkata vichwa wa Lille aliyevaa joho jekundu anakiri kwamba chapa ile aliipiga yeye kwa kisasi cha ndugu yake, si kwa amri ya mahakama. Maana yake Athos alimtundika mke wake kwa ushahidi ambao hakimu hakuutoa. Dumas hamwachi msomaji apumue hapo: Constance ameuawa kwa sumu sura mbili nyuma, kwa hiyo unataka Milady aadhibiwe na wakati huohuo unaona mahakama hii si mahakama.

MsomajiTanga
Shukrani sana wakuu, mmenisaidia kupita nilivyotarajia. Mngegawaje usomaji kwa vikao vinne? Na tukimaliza, vitabu vinavyofuata vinapangwaje?

Shajara1628
Kikao cha kwanza sura 1–22, mnaishia dansi ambapo malkia anaonekana na vishikizo vyote 12 na Kadinali analazimika kudai viwili vyake vilikuwa zawadi. Cha pili 23–40. Cha tatu 41–60, La Rochelle na kifungo cha Milady. Cha nne 61 hadi mwisho. Kikao cha nne kina sura chache makusudi. Msiongeze kitu hapo, Béthune, anakouawa Constance, na hukumu vitajaza jioni nzima. Na mtazame karatasi ya Richelieu ambayo Athos anamnyang'anya Milady, kwamba mwenye kuibeba ametenda kwa amri yake na kwa faida ya taifa. Ifuateni inavyohama mkono kwa mkono hadi sura ya mwisho.

Mfuatano: Vingt ans après (1845), halafu Le Vicomte de Bragelonne (1847–1850). Hiki cha mwisho ni kirefu mno, na kwa Kiingereza hukatwa vipande vitatu au zaidi na kuuzwa kila kimoja kwa jina lake. Kipande cha mwisho ni kile cha mtu wa kinyago cha chuma. Wengi hukinunua wakidhani ni riwaya inayojitegemea, wanajikuta katikati ya njama zilizoanza mamia ya kurasa nyuma. Mkikiona dukani, kirudisheni rafuni mpaka mpate vilivyotangulia.