Mhusika wangu hana bunduki. Nimpe?

Mchapaji wa Dunda:
Habari zenu wakuu. Nipo Bagamoyo, nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi. Mchana barua za watu, usiku riwaya yangu. Riwaya yenyewe ni ya Warszawa, Poland, mwaka 1942, ndani ya geto ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Najua mtauliza Mkwere na Warszawa wapi na wapi. Tuyaache hayo kwanza.

Mei mwaka ule wapiga filamu wa Kijerumani waliingia mle getoni. Wakachagua Wayahudi waliovaa vizuri, wakawakalisha mgahawani mbele ya sahani zilizojaa, na wengine wakaamriwa wapite kando ya ombaomba bila kugeuza shingo. Walitaka atakayetazama aseme hawa hawaoneani huruma hata wao kwa wao. Adam Czerniakow, mkuu wa baraza la Wayahudi, aliandika katika shajara yake kwamba walifika mpaka ofisini kwake, wakatoa picha ukutani, wakamwekea mezani kinara cha matawi tisa, mishumaa yote ikiwaka. Ofisi ya mafaili na mihuri! Nilipofika kwenye kinara hicho nikajua hapa pana riwaya.

Kijana wangu, wa kubuni, ndiye anayeamriwa kuwasha ile mishumaa. Usiku anaandika yote: kinara kililetwa na nani, nani alirudishwa mlangoni aingie upya. Karatasi anazipeleka kwa kundi la siri la mwanahistoria Emanuel Ringelblum, Oneg Shabbat, lililokuwa likikusanya ushahidi. Ndiyo kazi yake, hana nyingine.

Juzi nikawasomea wenzangu barazani. Fundi mmoja wa majahazi akanikatiza: "Sasa huyu ataanza lini kupigana?" Kicheko baraza zima. Nishaurini.

Chalii wa Ngamiani:
Mpe bunduki, braza. Aprili 19, 1943 geto lile liliinuka. Mordechai Anielewicz na vijana wenzake, bastola chache na chupa za petroli, walimkalisha Mjerumani macho mpaka katikati ya Mei. Au mhamishie Berlin. Mei hiyohiyo yako ya 1942, tarehe 18, kundi la Herbert Baum, wengi wao vijana wa Kiyahudi, walitia moto maonyesho ya propaganda ya Goebbels, waziri wa Hitler, pale uwanja wa Lustgarten. Propaganda ipo, moto upo, unataka nini tena? Kurasa mia mbili za mtu anaandika, mimi nalala.

Bi Mwalimu, Pangani:
Chalii, umewasha moto ukaondoka. Maonyesho yale yaliungua kidogo tu. Baum alifia mikononi mwa polisi mwezi uliofuata, wenzake zaidi ya ishirini wakauawa, na Wayahudi 500 wa Berlin wasiohusika wakakamatwa kulipia, 250 kati yao wakapigwa risasi. Simvunjii heshima Baum, Mungu shahidi. Ila ukimwandika, mwandike pamoja na hao 250.

Mchapaji, bunduki achana nayo. Kasoro ni kwamba msomaji wako hajaona karatasi zile zinamsaidia nani. Julai 22, 1942 walianza kuwasomba watu wa geto kwenda Treblinka, kambi ya kuulia watu, kufikia Septemba wakapelekwa wapatao 265,000. Waliambiwa wanahamishiwa mashariki kufanya kazi. Yakabandikwa na matangazo kwamba atakayejileta mwenyewe atapewa mkate kilo tatu na jamu kilo moja. Hiyo nayo ni propaganda, mwanangu, tena inalika.

Na Oneg Shabbat walikuwa wanajua. Mwanzoni mwa mwaka ule walimhoji mtu aliyetoroka Chełmno, kambi nyingine ya mauaji, akawaeleza malori ya kuulia watu kwa gesi. Wakapitisha taarifa kwa siri, na Juni redio ya London ikatangaza mauaji ya Wayahudi wa Poland. Sasa mtie kijana wako chumba kimoja na jirani mwenye watoto wawili, hawajala tangu jana, anamuuliza: "Niende nikachukue ule mkate?" Asome tena fundi wako hapo.

Mchapaji wa Dunda:
Shikamoo Bi Mwalimu. Mkate na jamu nimeviingiza usiku uleule. Jirani nimempa cherehani, anakaa ameushika mkono wa gurudumu lakini hashoni. Kijana anamwambia asiende. Hamwamini, maana kijana mwenyewe alionekana akiwawashia Wajerumani mishumaa.

Baadaye nataka kuingiza kuzikwa kwa zile karatasi. Agosti 1942, makasha kumi ya bati yalifukiwa chini ya shule mtaa wa Nowolipki. Mmoja wa wafukiaji, Dawid Graber, alikuwa na miaka 19. Yalichimbuliwa Septemba 1946 maji yameshaingia, na makopo mawili makubwa ya maziwa, yenye karatasi nyingine, yakapatikana Desemba 1950. Filamu yenyewe Wajerumani hawakuimaliza. Miaka mingi baadaye vilipatikana vipande walivyovikata, unaona tukio lilelile likirudiwa tena na tena.

Mzee wa Kaole:
Mkwere na Warszawa umeikwepa, nikusaidie. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam 1904, akawa askari wa Mjerumani angali mtoto, akahamia Berlin, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Alicheza filamu nyingi, mojawapo ile ya 1941 ya kumtukuza Carl Peters, huyohuyo aliyeshukia Saadani 1884 na mikataba yake ya ulaghai. Mwaka huohuo wa 1941 Wanazi wakamkamata Husen kwa sababu ya mwanamke wa Kijerumani, wakamtupa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alifia huko Novemba 1944. Huyu mweke ndani, uwe na mtu wa kwetu.

Mchapaji wa Dunda:
Mzee wangu, huyo hakanyagi riwaya yangu. Nikimwingiza tu, kijana wa Warszawa anabaki mpambe, na Husen naye anakuwa mgeni wa kurasa tano. Anastahili kitabu chake peke yake. Kiandike wewe. Ukija kibandani, kurasa kumi za mwanzo nakuchapia bure.