Sikio linatoa usaha, maji ya mvumbasi yanasaidia kweli?

MamaMasasi: Wadau mwanangu wa miaka 3 sikio linatoa usaha, bibi yake anataka tumdondoshee maji ya mvumbasi, hii imethibitishwa au mazoea tu?

Mmikindani: Dada usimwekee kitu, ngoma ya sikio ikiwa imetoboka hayo maji yanapita mpaka ndani na vijidudu vyake. Likaushe na kitambaa safi ulichosokota, ukibadilisha kikilowa, halafu hospitali wampime wampe dawa ya matone.

Nachingwea_1: Mi mitishamba naipenda sana ila kila dawa na ushahidi wake. Asali kwa kikohozi cha watoto tafiti zinaikubali, ila chini ya mwaka 1 marufuku, inaweza kuleta botulizimu (ugonjwa hatari wa sumu ya bakteria, unalegeza misuli). Ginkgo (dawa ya majani ya mti wa Kichina) ya masikio kuvuma wameipima weee, faida haijaonekana

MamaMasasi: Asanteni jamani, bibi namuelewesha leoleo, kesho asubuhi hospitali.