Askari wa nyumbani kwako akirudi na tukio kichwani, mnafanyaje? Tupeane uzoefu

MkeWaTrafiki

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa askari wenyewe, wake na waume zao, wazazi wao, na watoto waliokulia kota za polisi. Naomba kila mmoja aseme lililompata na lililomsaidia. Ule ushauri wa "mtangulize Mungu, atakaa sawa" tumeusikia vya kutosha. Mimi na mume wangu tunasali kila usiku, na bado nilihitaji kujua nifanye nini saa nane za usiku mtu ameketi kitandani katoa macho.

Naanza na langu. Mume wangu ni askari wa usalama barabarani. Agosti 10, 2019 alikuwa Morogoro siku lile lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Yeye ni mmoja wa waliobeba majeruhi, na baadaye akasimama na ndugu waliokuja kutafuta watu wao kwenye miili ambayo haikuwa na sura tena. Siku ya mazishi kule Kola alikuwa kazini pia.

Alirudi nyumbani kimya. Akaloweka sare kwenye beseni, akafua, akaanika. Kesho yake akaifua tena wakati haina hata doa. Nikajua ni uchovu tu. Baadaye nikaanza kuona mambo. Tukipanda bodaboda, dereva akikatisha kuingia kituo cha mafuta, yeye anashuka na kusubiri ng'ambo ya barabara. Nyama choma hagusi. Mtoto akiwasha kiberiti jikoni anafoka hadi majirani wanasikia, mtu ambaye tangu anioe hajawahi kunipandishia sauti.

Aliyemfungua ni mwenzake wa depo moja, yaani walifunzwa uaskari pamoja, na walikuwa wote siku ile. Alikuwa anakuja jioni, wanakaa kwenye ngazi za nje wanabishana Simba na Yanga, basi. Hakumhoji hata mara moja. Jioni moja, mpira umeisha, mume wangu akaanza mwenyewe. Nilikuwa jikoni nikasikia. Kumbe alichokibeba sicho nilichokuwa nadhani mimi. Kuna kijana aliyeungua alimshika mkono akamwomba ampigie mama yake, akaitaja namba yote. Mume wangu hakuwa na simu wala kalamu wakati ule, na alipokuja kupata simu tarakimu za mwisho zilikuwa zimempotea. Ndiyo hiyo namba aliyokuwa anaipanga kichwani usiku kucha.

Baada ya hapo ndipo alipokubali kwenda kliniki ya afya ya akili. Sasa hivi analala. Mimi nilichojifunza ni kidogo tu. Akitoka zamu ya usiku nafunga dirisha kwa kanga nzito na watoto wanahamia kwa jirani, kwa sababu usingizi ndio mtaji wake. Na simuulizi "ilikuwaje huko?" mlangoni. Maji ya kuoga kwanza, chakula, halafu nakaa karibu. Likija linakuja lenyewe.

Karibuni.

SajentiMstaafu

Pole mama, na hongera kwa kumsitiri mwenzio.

Mwaka 2017 nilikuwa Mkoa wa Pwani. Aprili 13 askari nane waliuawa kwa kuviziwa Mkengeni, Kibiti, wakiwa garini. Tuliobaki tuliendelea kupanda magari ya aina ileile na kupita barabara zilezile jua likizama. Pikipiki ikitokea nyuma ina watu wawili, mkono unakwenda kwenye silaha bila kuuagiza. Hata nikiwa likizo kijijini, pikipiki ya mwalimu ikipita nilikuwa naruka.

Sisi wa rika langu dawa tuliyoijua ni bia. Unakunywa ulale, unaamka saa tisa moyo unakwenda mbio, kesho unaongeza.

Aliyeniokoa ni mkuu wangu wa kituo. Asubuhi moja aliona mkono wangu unatetemeka nikisaini kitabu cha silaha. Hakuniandikia, hakunisema kwenye paredi. Alisema tu, "Sajenti, kuanzia kesho nakutaka chumba cha mashtaka. Vijana wanaandika RB (taarifa za wanaokuja kuripoti) ovyo, wanyooshe." Nikahamia mezani, bila silaha, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nimepumzishwa. Nilikuwa natoka saa za kueleweka, nikaanza kulala, pombe ikapungua yenyewe. Baadaye sana ndipo aliponiambia alifanya makusudi, maana yeye alipokuwa koplo hakupata mtu wa kumfanyia hivyo.

Nimeona na kinyume chake, mahali ambapo sipataji. Kijana alimwendea mkubwa wake akamwambia halali. Akanyang'anywa silaha mbele ya wenzake, na jina likawa "chizi". Tangu siku hiyo pale kituoni hakuna aliyefungua mdomo tena, na si kwamba walikuwa wazima. Kwa hiyo maafande mnaosoma hapa, kumtoa mtu kwenye silaha ni sahihi kabisa. Lakini namna unavyomtoa ndiyo inayoamua kama wa pili atakuja kukwambia.

Boda_Kimara

Samahani wadau, mimi ni raia tu. Niliwahi kulambwa vibao na askari kwa sababu ya kuegesha pikipiki pasipotakiwa. Mimi nani alinitafutia mshauri? Naona tunawaonea huruma watu ambao sisi hawatuonei.

MkeWaTrafiki

Pole sana kaka. Aliyekupiga alikosea na una haki ya kumshtaki kwa wakubwa wake, huzuni yake haimfutii kosa. Ila fikiria jambo hili: askari ambaye hajalala wiki nzima na kichwani anasikia makelele, anayekutana naye kwanza barabarani ni wewe. Wa pili ni mkewe. Nikipigania atibiwe, napigania shavu lako pia.

WP_Dawati

Nimesoma yote. Ngoja nami niseme, maana watu wakisikia "tukio" wanafikiria risasi na ajali.

Mimi niko Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, tunapokea kesi za ukatili. Tukio letu linaingia mlangoni limeshikwa mkono na bibi yake, limevaa sare ya chekechea. Unashuka chini kwenye mkeka mlingane urefu, unampa mdoli akuonyeshe, unaandika maelezo huku uso wako hauruhusiwi kubadilika, kwa sababu ukishtuka tu mtoto ananyamaza. Unatoa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mnakwenda hospitali, ukirudi kuna mwingine kwenye benchi.

Nilianza kutomwamini binadamu yeyote na binti yangu. Kaka yangu wa tumbo moja alitoka Tabora kuja kutusalimia, nikamkataza asimpakate mtoto. Mama yangu alilia siku ile. Kaka hakusema kitu, akaondoka kesho yake alfajiri. Hapo ndipo nilipoona kazi imeingia hadi chumbani kwangu.

Na msidhani hukumu inaponya. Nilikuwa na faili moja nililolishikilia kwa meno. Mshtakiwa akafungwa miaka 30. Nilidhani siku ile nitalala. Sikulala.

Kilichonifaa ni utaratibu tuliojiwekea wenyewe na mwenzangu. Hakuna kuchukua maelezo ya watoto wawili mfululizo, baada ya mmoja unabadilishana na mwenzio hata kama foleni ipo. Tunatoka kunywa chai kwa mama ntilie, na kwenye chai kesi haizungumzwi. Sare naivua kazini, narudi na gauni langu. Halafu kuna afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ambaye tunafanya naye kazi kila siku. Tulimwomba awe anakaa na sisi, si kwa ajili ya faili, kwa ajili yetu. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza, "Na wewe dada, nani anakusikiliza?" Nilishindwa kumjibu, nikalia tu, na hakunikatiza.

Kaka nimeshamfuata Tabora nikamweleza. Tuko sawa.

KijanaWaKota

Baba alikuwa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia. Watoto wa kota tulijua hali ya mzee kwa jinsi anavyovua buti. Akizitupa, wote tunahamia kwa jirani.

Naomba mlio na watoto muwaambie. Si lazima muwaeleze tukio. "Baba yenu ameona jambo baya kazini, hajakasirika na nyinyi," inatosha kabisa. Mimi nilikua nikiamini kuna kitu nimemkosea, nikawa najitahidi shuleni ili anitazame.

Konstebo_Kaskazini

Salamu kutoka Kenya. Mimi nilipitia Kiganjo, chuo chetu cha polisi, na miaka mingi nimefanya kazi kaskazini. Novemba 2012 tulipoteza zaidi ya askari 40 Suguta, huko Baragoi, na wengi walikuwa vijana waliotoka chuoni juzi tu. Nilikuwa kambi nyingine. Ile kimya iliyoingia kambini siwezi kuieleza.

Lakini nikisema ukweli, kilichonivunja mimi kilikuja baadaye, na ni mikopo na umbali. Bibi na watoto wako Kakamega, mimi niko mahali mtandao unashika ukipanda kilima. Peslipu inakatwa na sacco, benki, halafu mikopo ya simu. Nikaomba uhamisho, nikaambiwa ngoja. Nikaanza kuwaza kujimaliza.

Na ningemwambia nani? Wakati huo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu yetu kilisema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Sisi ndio tulikuwa tukishika watu kama hao na kuwaandika kwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Mahakama Kuu ilikitupa hicho kifungu Januari 2025, na nilifurahi sana kwa sababu najua kilifunga midomo ya wengi, maaskari kwanza.

Usiku mmoja nilipanda kilima nikapigia mtu tuliyekuwa naye Kiganjo. Akasikia sauti yangu tu akasema, "Usikate simu." Aliongea nami mpaka kukapambazuka: habari za ng'ombe wake, za mwalimu wetu wa gwaride, kila kitu. Asubuhi akampigia mkubwa wangu kwa heshima, bunduki ikarudi ghalani, nikapewa ruhusa.

Tume ya Huduma ya Polisi iko na washauri nasaha, na niliwatumia. Wa kwanza aliniuliza sana habari za utoto wangu. Wa pili aliniuliza nalipa mikopo mingapi. Huyo wa pili ndiye alinifaa. Tulikaa na karatasi, nikaenda sacco kupanga malipo upya, ndipo kichwa kikapata nafasi ya kuongea mengine. Lile jopo la Jaji mstaafu David Maraga lililoundwa Desemba 2022 liliangalia masharti ya kazi na maslahi yetu. Kwangu mimi nyumba, mshahara na uhamisho ni sehemu ya matibabu. Ukimtibu mtu kisha umrudishe pale pale kwa mabati yanayovuja, umefanya nusu kazi.

NesiWaMkoa

Nafanya kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa, na askari nawapokea, wengi wakija wamevaa kofia hadi machoni.

Siku za kwanza baada ya tukio, kukosa usingizi, kushtuka na kuota ndoto mbaya ni jambo la kawaida na kwa wengi linapungua lenyewe. Ikipita mwezi bado lipo, au linamzuia kazi na nyumba, aje. Yapo matibabu ya mazungumzo yaliyotengenezwa kwa kiwewe hasa, na zipo dawa kwa anayezihitaji. Mikoa yenye shida ya wataalamu, Muhimbili na Mirembe ya Dodoma wanapokea rufaa.

Naomba tuache mambo mawili. La kwanza, kumkalisha mtu siku ileile na kumlazimisha asimulie kila kitu. Kikao kimoja cha lazima hakizuii kiwewe, na wengine huzidi. Yule rafiki wa kwenye ngazi alifanya vizuri kuliko wengi wetu wenye vyeti. La pili, vidonge vya usingizi vya kununua duka la dawa bila daktari. Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilielekeza kwamba dawa za jamii ya diazepam zisitolewe kwa dalili za kiwewe mwezi wa kwanza. Askari anayechanganya hizo na pombe namhofia kuliko asiyelala.

Na kwa sababu ndugu yetu wa Kenya amegusa sheria: hapa Tanzania Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Lakini kuwa na mawazo hayo na kuja kuyasema kliniki si kosa. Njooni myaseme.

Mama_Songea

Wangu hataki hata kusikia neno hospitali. Anasema akionekana kwenye lile benchi, cheo kimekwisha. Jumatatu yuko ofu. Nianzie wapi dada?

NesiWaMkoa

Anzia presha. Mwambie mwende wote mkapime presha na sukari, na wewe upimwe. Hakuna askari anayeona aibu kupima presha, na mtu asiyelala mara nyingi presha yake inasema. Mkiwa ndani na daktari, usiseme kwa fumbo. Sema mbele yake: "Halali, na anashtuka usiku." Kama bado anakataa, mtafute mtu wa depo yake anayemheshimu, aende naye huyo badala yako.

Ila akitamka habari za kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, usisubiri Jumatatu. Hakikisha hana silaha, mpigie mkubwa wake mnayemwamini, usimwache peke yake, na hata chooni asifunge mlango, na mlete usiku huohuo idara ya dharura, hata kwa bodaboda.